Piriton, setirizini au loratadini: uchague kidonge gani cha mzio?

Mteja anafika dirishani kwenye duka la dawa, Mwanjelwa au Mafinga mjini, macho mekundu, pua inachuruzika. "Shikamoo mama. Naomba dawa ya aleji." "Marahaba. Ya kulaza au isiyolaza?" Mteja anasita, anauliza bei, anachukua iliyo rahisi na kuondoka. Wengi wetu tunachagua dawa ya mzio hivyo. Swali la yule mama ni zuri, ila linahitaji mengine matatu au manne nyuma yake kabla hujatoa hela.

Nyanda za juu kusini zina sababu nyingi za kumtoa mtu chafya. Mvua zikishakatika, kipupwe kinaingia na upepo mkavu unainua vumbi la barabarani na la mashambani. Mbozi watu wanapukuchua mahindi, Usangu wanapeta mpunga, Mafinga mashine za mbao zinamwaga unga wa mbao kutwa nzima. Wachumaji wa pareto Umalila na Makete wanajua mikono inavyowasha. Baadaye unaongezeka moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua mpya. Tukuyu, ambako mvua haina haya, shida ni unyevu: ukungu ukutani na harufu yake kwenye magodoro.

Vidonge vitatu ndivyo utakavyokutana navyo zaidi dukani bila cheti cha daktari: Piriton, setirizini na loratadini. Vyote vinafanya kazi moja. Mwili wenye mzio ukikutana na kinachouudhi humwaga kemikali iitwayo histamini, na hiyo ndiyo inayoleta chafya, macho kuwasha, pua kutiririka na vipele vya kuvimba. Kidonge kinawahi mahali ambapo histamini ingeshika, ikikuta pamejaa haina pa kufanyia kazi. Mzio wenyewe hauponi. Dalili zinatulia kwa saa kadhaa, basi. Kwa hiyo kuuliza kipi ni "kikali" zaidi hakukufikishi mbali. Tofauti kubwa kati ya vidonge hivi ni kiasi gani vinaingia kwenye ubongo, vinakaa mwilini muda gani, na ni kiungo kipi kinachovitoa.

Vigezo vya kupimia

Usianzie kwenye bei. Anza kwa kujiuliza: leo hadi kesho asubuhi nitakuwa nafanya nini? Anayelala saa tatu usiku na anayeondoka na lori Tunduma alfajiri hawawezi kupewa kidonge kimoja, hata kama chafya zao zinafanana.

Kwa hiyo nitavipima vyote kwa mambo haya: usingizi, kinaanza kazi baada ya muda gani na kinadumu kiasi gani, kipimo, nani ajihadhari, upatikanaji, na kinamfaa nani. Vipimo nilivyoandika ni vya kawaida kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine. Karatasi iliyo ndani ya boksi na maneno ya mfamasia wako yana uzito kuliko makala hii.

Piriton

Kwenye kopo au boksi utaona imeandikwa Chlorpheniramine au Chlorphenamine, kidonge cha miligramu 4. Ni dawa ya zamani, ya kizazi cha kwanza, na wazee wetu waliijua kabla yetu.

Usingizi. Hapa ndipo pa kukaa kwa makini. Piriton inapita kirahisi na kuingia kwenye ubongo, na kule histamini ina kazi yake nzuri ya kutuweka macho. Ukiizima, unasinzia. Kibaya zaidi ni kwamba dawa za kundi hili hupunguza wepesi wa mtu kuona jambo na kulikabili hata pale anapojiona yuko sawa kabisa. Dereva anaposema "mimi Piriton hainilazi" anasema anavyojisikia. Mguu wake kwenye breki unaweza kuwa umechelewa bila yeye kujua. Ukimeza usiku, asubuhi bado unaweza kuwa mzito. Kwa barabara zetu, na miteremko kama Kitonga na Mlima Nyoka, hilo si jambo dogo. Bodaboda na bajaji wamo, na pia anayesimama mbele ya msumeno wa mbao au mashine ya kusaga.

Pombe inazidisha usingizi huo. Msimu wa ulanzi ukifika, mtu anaweza kumeza Piriton mchana kwa ajili ya mafua, jioni akapitia kilabuni kama kawaida yake. Ulanzi, komoni, bia, vyote ni sawa: havikai na dawa hii.

Kasi na muda. Nusu saa hadi saa moja nafuu inaanza. Inadumu saa 4 hadi 6, ndiyo maana humezwa mara kadhaa kwa siku.

Kipimo. Mtu mzima na mtoto wa miaka 12 kwenda juu: kidonge 1 kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 6 kwa saa 24. Mzee asizidishe 3. Mtoto wa miaka 6 hadi 12: nusu kidonge kwa mpangilio huohuo, jumla isizidi vidonge 3 kwa siku. Chini ya hapo ni dawa ya maji, kwa kipimo cha mhudumu wa afya.

Nani ajihadhari. Wazee kwanza kabisa. Piriton inakausha mdomo, inafanya choo kuwa kigumu, inaweza kumchanganya mzee akili na kumwangusha usiku anapoamka kwenda kujisaidia. Mzee mwenye tezi dume anaweza kujikuta mkojo umegoma kabisa kutoka. Mwenye presha ya macho na mwenye kifafa wamuulize daktari kwanza. Anayetumia dawa nyingine za usingizi, za msongo au za maumivu makali aziseme dirishani kabla ya kupewa.

Upatikanaji. Ndiyo rahisi kuliko zote na ipo hadi vijijini. Mara nyingi inahesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa, vidonge vidogo, vingi vyake vya njano, vinatiwa kwenye bahasha ya karatasi na juu yake inaandikwa "1x3". Hebu iangalie hiyo bahasha vizuri. Jina la dawa halipo, miligramu hazipo, tarehe ya kuisha haipo. Wiki ijayo itakuwa kwenye droo pamoja na bahasha nyingine tatu zinazofanana nayo, na mama mkwe atamwambia mjukuu amletee "ile ya njano". Muombe muuzaji aandike jina na nguvu ya dawa, mwenyewe uandike tarehe. Ni haki yako, na muuzaji mzuri hachukii.

Inamfaa nani. Mwenye muwasho unaomnyima usingizi usiku na ambaye kesho yake haendeshi chombo. Aliyeumwa na mdudu mkono ukawasha, hana shida nyingine. Na aliye mahali ambapo hakuna kingine dukani.

Setirizini

Kwenye boksi ni Cetirizine, miligramu 10. Hii ni ya kizazi cha pili.

Usingizi. Inaingia kidogo tu kwenye ubongo, kwa hiyo wengi hawasinzii. Lakini wapo wanaosinzia, na huwezi kujua kama ni mmoja wao mpaka ujaribu. Kwa hiyo kidonge cha kwanza kimeze jioni ukiwa nyumbani, si asubuhi ya safari. Ukiamka mwepesi, unaijua dawa yako. Ukiamka mzito, endelea kuimeza usiku au hamia kwenye loratadini. Nayo haifai na pombe.

Kasi na muda. Ndani ya saa moja wengi wanaona nafuu, na inakaa siku nzima. Kwa vipele vya kuvimba na muwasho wa ngozi, mimi ndiyo ningeifikiria kwanza.

Kipimo. Kidonge 1 kwa siku kwa mtu mzima na mtoto wa miaka 12 kwenda juu. Miaka 6 hadi 12, nusu kidonge asubuhi na nusu jioni. Wadogo zaidi wana dawa ya maji. Kumeza viwili kwa sababu jana kulikuwa na vumbi jingi si mpango. Zaidi ya kimoja ni uamuzi wa daktari.

Nani ajihadhari. Inatoka mwilini kwa njia ya figo, nyingi ikiwa haijabadilika. Mwenye ugonjwa wa figo anahitaji kipimo kidogo, na figo zikiwa zimechoka sana asiitumie bila daktari. Mwenye kisukari au presha ya muda mrefu ambaye hajawahi kupimwa figo, apime kabla ya kuifanya dawa ya kila siku. Mwenye kifafa aulize.

Jambo jingine halijulikani sana huku. Mwezi Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwamba watu wachache waliomeza setirizini kila siku kwa miezi au miaka walipoiacha walipata muwasho mkali siku chache baadaye. Ni nadra, na haimhusu anayemeza wiki moja ya vumbi. Inamhusu aliyeigeuza kuwa kama chai ya asubuhi: asiikate ghafla na kudhani mzio umerudi kwa hasira, amwone mhudumu wa afya wapange namna ya kuiacha.

Upatikanaji. Ipo karibu kila duka la dawa mjini, kwenye karatasi ya vidonge 10 yenye jina na tarehe. Ni ghali kidogo kuliko Piriton ukihesabu kidonge kwa kidonge, lakini unameza kimoja badala ya vitatu au vinne, kwa hiyo piga hesabu ya siku.

Inamfaa nani. Mwenye mzio wa vumbi wa kila siku kwa msimu, mwenye vipele vya kuvimba, mwanafunzi ambaye tayari amejaribu na haikumlaza.

Loratadini

Loratadine, miligramu 10. Nayo ni ya kizazi cha pili.

Usingizi. Kwa kipimo cha kawaida ndiyo yenye usingizi kidogo kuliko mwenzake setirizini. Ukizidisha kipimo, faida hiyo inapotea. Hata hivyo jaribu la kwanza lifanyike siku usiyoendesha.

Kasi na muda. Inachelewa kidogo, saa 1 hadi 3, kisha inadumu siku nzima. Anayejua kesho atapukuchua mahindi aimeze mapema kabla ya kuingia kwenye vumbi. Akisubiri pua ifunguke bomba ndipo ameze, ataona kama haifanyi kazi.

Kipimo. Kidonge 1 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa mtoto kinachoangaliwa ni uzito: akiwa na zaidi ya kilo 30 anaweza kumeza kidonge kizima, chini ya hapo ni dawa ya maji kwa kipimo chake.

Nani ajihadhari. Inachakatwa na ini. Mwenye ugonjwa mkubwa wa ini asiimeze kila siku bila daktari.

Upatikanaji. Mjini utaipata. Kwenye vituo vidogo unaweza kuikosa.

Inamfaa nani. Dereva, fundi, mwalimu, mtu wa ofisini, yeyote ambaye kazi yake haisamehi kusinzia.

Viwili ambavyo sikuviweka kwenye mizani

Prometazini, ambayo wengi wanaijua kama Phenergan, ni ya kundi moja na Piriton na inalaza zaidi. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipewe kabisa, kwa sababu inaweza kumdhoofishia pumzi. Nasema hili kwa uzito: kuna wazazi wanaompa mtoto dawa ya mzio ili alale, mama afanye kazi au safari ya basi iwe tulivu. Hizi si dawa za kulaza watoto, iwe prometazini au Piriton.

Cha pili ni ule mchanganyiko wa aleji unaotoka kwenye bahasha bila jina, ukiwa na kidonge kidogo cha "dexa" ndani yake. Deksamethasoni na prednisoloni ni dawa za kundi jingine kabisa. Zinatuliza haraka, kweli, ndiyo maana watu wanazirudia. Zikitumika ovyo zinapandisha sukari na presha, zinashusha kinga, na kuziacha ghafla baada ya muda mrefu ni hatari. Muuzaji akikupa vidonge vya aina mbili kwa mzio wa kawaida, muulize cha pili ni nini.

Na usimeze dawa ya mafua pamoja na Piriton. Vidonge vingi vya mafua vina Chlorpheniramine ndani yake tayari, pamoja na parasetamoli. Soma nyuma ya karatasi. Ukiliona jina hilo, ujue Piriton umeshameza. Vivyo hivyo usichanganye setirizini na loratadini siku moja kwa matumaini ya nafuu mara mbili.

Je, ni mzio kweli?

Kidonge sahihi kwa ugonjwa usio wake hakina faida. Chafya za mfululizo, maji membamba puani, macho yanayowasha na hakuna homa: huo una sura ya mzio. Homa ikiwepo, kapime, hasa kama umetoka Kyela au Usangu ambako malaria ipo. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, na mchimbaji wa Chunya anayekohoa asijitibu kwa vidonge vya mzio, maana vumbi la mwamba linaharibu mapafu yenyewe. Kifua kinachobana na kupiga filimbi usiku wa baridi ni pumu mpaka ithibitike vinginevyo. Vidonge hivi havitibu pumu.

Muwasho unaozidi usiku, na nyumba nzima wanajikuna katikati ya vidole, unaweza kuwa upele wa kuambukiza. Duara lenye magamba ni fangasi. Piriton itakupunguzia kujikuna wiki nzima huku ugonjwa ukienea kwa watoto.

Pua iliyoziba kabisa haisikii sana vidonge hivi. Muulize mfamasia kuhusu dawa ya kupuliza puani. Na mikono iliyochubuka kwa pareto inahitaji glavu na dawa ya kupaka kabla ya kidonge.

Kwa hali yako

Unaendesha lori, basi, bodaboda au bajaji, au unafanya kazi na mashine: loratadini, ukishaijaribu siku ya mapumziko. Setirizini ya usiku inawezekana kama umethibitisha huamki mzito. Piriton iache mpaka utakapokuwa na likizo.

Mtoto wa shule anayepiga chafya darasani: setirizini au loratadini kwa kipimo cha umri au uzito wake. Piriton inamlaza mbele ya mwalimu, na kisha anaitwa mvivu.

Bibi au babu: loratadini, au setirizini kama figo zake ni nzima. Mpeleke ukiwa na dawa zake zote kwenye mfuko, usitegemee kumbukumbu.

Mjamzito au anayenyonyesha: usinunue kwa kubahatisha. Mweleze mhudumu wa kliniki. Loratadini na setirizini hutumika mara nyingi kwa kina mama hawa, na kwa anayenyonyesha Piriton inaweza kumfanya mtoto naye asinzie.

Una ugonjwa wa figo: egemea loratadini, na kipimo akipange daktari. Una ugonjwa wa ini: usianze chochote kati ya hivi bila kumuuliza.

Hela ni ndogo na shida ni muwasho wa usiku mmoja: Piriton inatosha, bila pombe, na asubuhi yake usiendeshe.

Uko kijijini na duka la karibu ni duka la dawa muhimu: utaratibu wa maduka hayo ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na muuzaji wake anatakiwa awe amefundishwa. Mweleze kazi yako, umri wa mgonjwa na dawa nyingine anazotumia kabla hajafungua kopo.

Umeng'atwa na nyuki, au umekula kitu, au umechomwa sindano, kisha midomo au ulimi unavimba, sauti inakwaruza, pumzi inakata, unatapika au unaona giza: usitafute kidonge. Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kinachowahi hapo. Dawa yake ni sindano ya adrenalini, iko hospitali na kituo cha afya, na unapaswa kupelekwa sasa hivi kwa usafiri wowote uliopo, ukiwa na mtu pembeni yako.

Na kama umeshameza kimojawapo wiki mbili mfululizo na chafya ziko palepale, au ukikiacha siku moja tu unarudi kulekule, nenda kituo cha afya na karatasi ya vidonge mkononi. Waeleze unafanya kazi wapi, unalalia nini, na dalili zinaanza saa ngapi.